Mkanda wa Jeshi Unapopanda Usoni

Jina lenyewe hupotosha. Mkanda huvaliwa kiunoni, na kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi huzunguka ubavu, watu waliuita mkanda wa jeshi. Basi unapozuka kwenye paji la uso, mgonjwa wa Msasani, mjini Tukuyu, aweza kudhani ameumwa na mdudu au amerogwa, na siku zenye thamani zikampita.

Kirusi ni kile kile cha tetekuwanga. Mtoto akipona, hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya neva kwa miaka, hata kinga idhoofike kwa uzee, kwa VVU au kwa dawa za saratani. Kijana mwenye mkanda wa jeshi hana budi kushauriwa kupima VVU.

Neva inayobeba hisia za uso ina matawi matatu. La juu hufika kwenye paji, kope la juu, jicho lenyewe na ngozi ya pua hadi nchani. Ndiyo maana daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson, katika karne ya 19, alihimiza pua itazamwe: lengelenge dogo kwenye ncha yake huonya kwamba jicho limo hatarini. Pua safi, hata hivyo, haithibitishi usalama.

Asikloviri ya vidonge, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10, hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokeze. Kipimo hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu. Aliyechelewa naye asirudishwe nyumbani, maana jicho bado lahitaji kuchunguzwa. Hospitali ya Makandana iko Tukuyu kwenyewe. Mbeya ni kilomita kama 70. Maji ya majani, na matone ya steroidi yaliyonunuliwa dukani bila uchunguzi, huweza kuliharibu jicho kabla ya safari hiyo.

Wengine huumwa paji kwa miezi baada ya vidonda kukauka. Lakini wa kuhofiwa zaidi ni yule asemaye haumwi tena huku jicho likiwa jekundu. Kirusi huweza kuua hisia za konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kidonda kikachimba pasipo maumivu. Mhudumu akiigusa konea kwa uzi wa pamba safi, kabla ya kutia dawa yoyote ya ganzi, na mgonjwa asipepese, barua ya rufaa iandikwe siku hiyo hiyo.