Matunda ya Mvinyo Bila Mvinyo: Vile Utapika Embe la Rhamu na Watu Waombe Ongeza

Sema ukweli, umeziona hizo video. Msee anachukua mapeasi, anayamenya, anayazamisha kwa sufuria ya mvinyo mwekundu na mdalasini, halafu yanatoka yameiva, rangi ya maruni, yanang'aa. Ni dishi la Kifaransa la kitambo, na inakaa rahisi hadi unajiambia lazima ujaribu.

Sasa ongeza hii: umealikwa Idi kwa kina beshte yako, Rhamu.

Kama hujafika, Rhamu iko Kaunti ya Mandera, kwa Mto Daua, na ng'ambo ya mto ni Ethiopia. Ni mji wa Waislamu, kwa hivyo usianze kuuliza mvinyo unauzwa duka gani. Lakini hapo ndipo kuna mjanja mmoja atakuambia, "Buda, beba chupa moja kutoka Nairobi. Pombe ikichemka inaisha yote, hakuna mtu atajua."

Huyo anakudanganya, na anataka kukuharibia jina.

Pombe haiishi hivyo

Ni kweli pombe inachemka kwa nyuzi 78 na maji kwa 100. Lakini ndani ya sufuria zimechanganyika, kwa hivyo haitoki yote mara moja ikaacha maji. Idara ya Kilimo ya Marekani iko na jedwali la hii maneno: chakula kilichochanganywa na pombe kikichemka dakika 15, karibu asilimia 40 ya pombe bado iko. Saa moja, asilimia 25. Masaa mawili na nusu, bado asilimia 5 imebaki. Na matunda hayakai motoni zaidi ya nusu saa.

Kwa hivyo ungekuwa unamlisha mathe wa beshte yako pombe siku ya Idi, bila yeye kujua. Hata kama ingeisha yote, si yeye alikupa ruhusa. Pia chunga chupa zimeandikwa "bila kileo". Zingine huwa na hadi asilimia 0.5, soma vizuri.

Kwani mvinyo hufanya nini?

Hapa ndio siri. Mvinyo si uchawi. Kwa hiyo sufuria inaleta vitu vitatu: uchachu, ule ukakasi unakausha ulimi, na rangi na harufu. Sukari unaongeza mwenyewe. Sasa angalia jikoni ya Rhamu:

- Uchachu: ukwaju, ama ndimu.
- Ukakasi na rangi: chai ya rangi. Ule ukakasi wa mvinyo unatoka kwa maganda ya zabibu, na majani ya chai yako nao pia.
- Harufu: iliki, mdalasini, karafuu. Kwa nyumba ya Msomali hivi havikosi, ndivyo vinaingia kwa shaah kila siku.

Na matunda? Achana na peasi limesafiri siku mbili kwa lori. Mashamba ya kando ya Daua yanatoa maembe, mapapai na ndizi. Sisi tunatumia embe.

Unachohitaji (watu 4 hadi 6)

- Maembe 4 yameanza kuiva lakini bado magumu kiasi
- Maji vikombe 3
- Majani ya chai vijiko 2 vikubwa
- Sukari kikombe 1
- Ukwaju donge la saizi ya yai, uloweke kwa maji moto nusu kikombe
- Iliki 6 zilizopondwa, mdalasini kijiti 1, karafuu 3

Vile unapika

1. Chemsha maji, epua, tia majani ya chai, funika dakika 5. Chuja. Usipitishe hapo, itakuwa chungu.
2. Rudisha chai kwa moto. Ongeza sukari, viungo, na ukwaju umekamuliwa na kuchujwa. Koroga hadi sukari iyeyuke.
3. Menya maembe, kata vipande vinene. Yaweke kwa sufuria yazame.
4. Punguza makaa. Unataka shira itetemeke tu, isitokote. Ikitokota kwa nguvu, utapata uji wa embe. Dakika 8 hadi 10 zinatosha. Dunga na kisu: kikiingia bila shida, toa.
5. Epua matunda pekee. Acha shira iendelee kuchemka hadi ipungue nusu na ianze kushika kijiko.
6. Mwagia matunda hiyo shira, funika, acha yapoe masaa kadhaa. Hapo ndipo ladha inaingia, kwa hivyo pika asubuhi, kula jioni.

Ukitumia papai, chagua lenye halijaiva sana, mpe dakika 10. Ndizi ni dakika 3 ama 4, zinalainika haraka noma.

Hauna friji? Weka bakuli ndani ya karai la maji baridi, kivulini, na mle siku hiyo hiyo.

Makosa ya kuepuka

Usimimine maziwa kwa shira ikiwa motoni, ukwaju utayagandisha. Kama unataka kitu cheupe juu, tia kijiko cha susa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachuka, wakati wa kuandaa. Utamu na uchachu vinakutana fiti kabisa.

Usipunguze sukari hadi kidogo sana. Si utamu tu, sukari na ukwaju ndizo zinasaidia embe lisisambaratike.

Hiyo ndiyo dishi yako. Haifanani na ya Ufaransa kila kitu, na haijaribu. Lakini mathe wa beshte yako akionja na kuuliza, "Umeweka nini humu ndani?", utamtajia kimoja kimoja, ukimwangalia machoni.