Maada ya Giza na Chembe Zikawiazo Kuvunjika

Wanafunzi wetu huuliza: je, wanasayansi nao huamini wasichokiona? Swali hili ni jema, na lastahili jibu la uangalifu.

Katika karne ya 19 Mfaransa Urbain Le Verrier aliona kwamba mwendo wa sayari ya Uranusi haukulingana na hesabu. Akasema kuwa iko sayari nyingine inayoivuta; na mwaka 1846 Neptuni ikaonekana karibu na mahali alipopataja. Baadaye alitumia njia iyo hiyo kwa habari ya Utaridi, lakini sayari aliyoitabiri haikuonekana kamwe. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kilichopaswa kurekebishwa ni kanuni ya uvutano yenyewe.

Fizikia ya leo imesimama tena mbele ya njia hizo mbili. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aligundua kuwa galaksi za kundi la Coma zaenda kwa kasi mno, hata maada inayoonekana haitoshi kuzishikilia pamoja. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford walikuta kasi kama hiyo pembezoni mwa galaksi zenyewe. Kwa vipimo vya sasa, maada ya kawaida ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu, na ile iitwayo maada ya giza ni kama asilimia 27.

Maada hiyo ni nini? Wataalamu kadhaa hupendekeza kuwa ziko chembe za jamii iliyofichika, zisizoguswa na umeme wala na nguvu za kiini cha atomu. Jamii hiyo na yetu zaunganishwa na uvutano, na pengine na mlango mwembamba, kama vile chembe inayodhaniwa kuwapo, iitwayo fotoni ya giza.

Kadiri mlango unavyokuwa mwembamba, ndivyo chembe inavyokawia kuvunjika. Mfano tunao katika muoni: nguvu inayoivunja ni hafifu, kwa hiyo huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, muda ulio mrefu sana kwa vitu vya namna hiyo. Basi chembe iliyofichika yaweza kupita mtambo mzima wa uchunguzi bila kuacha alama, ikavunjika mbali.

Kwa sababu hiyo, huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, penye njia ya chini ya ardhi yenye mzunguko wa kilomita 27, chombo kiitwacho FASER kiliwekwa mita 480 kutoka mahali protoni zigonganapo. Kilianza kukusanya takwimu mwaka 2022. Mwaka 2023 watafiti wake walitangaza kuwa wamenasa nyutrino zilizotokana na migongano hiyo; fotoni ya giza hawakuiona. Mwaka 2024 CERN iliidhinisha jaribio jingine, SHiP, kwa utafutaji huo huo.

Je, kutokuona ni kazi bure? Sivyo. Kila utafutaji huonyesha mahali ambapo kitu hicho hakipo, na kupunguza uwanja wa kubahatisha. Jibu kwa wanafunzi, basi, ni hili: mwanasayansi hukisia kisichoonekana kwa alama zake, kisha hutengeneza chombo kiwezacho kumkanusha. Ikiwa mwisho wake utakuwa kama Neptuni au kama Utaridi, vipimo ndivyo vitakavyoamua.