Masikio Mawili Yasiyosikia Sawa: Kuchagua Kifaa cha Kusaidia Kusikia kwa Fedha Kidogo

Binadamu hasikii kwa sikio, bali kwa masikio. Sauti itokayo upande wa kulia hufika katika sikio la kulia kabla ya kufika katika la kushoto, na ijapokuwa tofauti hiyo haizidi kiasi cha sekunde 0.0007, ubongo huitambua. Hali kadhalika kichwa hukinga sauti, hasa zile nyembamba, kama mti ukingavyo jua. Sikio lililo upande wa kivuli hupata sauti hafifu zaidi. Njia hizi mbili zilielezwa mwaka 1907 na mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh. Kwa kulinganisha habari za masikio yote mawili, mtu hujua gari linatoka upande gani, na huweza kumfuata msemaji mmoja katikati ya makelele ya sokoni.

Sikio moja likidhoofika kuliko jingine, msaada huo hupungua sana. Mwanafunzi wa namna hiyo huitika vizuri aitwapo katika chumba kimya, lakini darasa likichangamka hupotelewa na nusu ya maneno. Aghalabu mwalimu humdhania kuwa mzembe au mjeuri. Hata katika hesabu za dunia mwanafunzi huyu hujificha. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, lakini kipimo kilichotumika ni cha sikio lililo zima zaidi. Mwenye sikio moja zima na jingine lililokufa hamo katika idadi hiyo.

Kipimo kinasema nini

Kabla ya kununua kifaa, kila sikio hapana budi lipimwe peke yake. Mpimaji hutoa milio kuanzia ile minene ya mitetemo 250 kwa sekunde hadi ile myembamba ya mitetemo 8,000, na kuandika mlio hafifu kabisa ambao mtu aliweza kuusikia. Matokeo huchorwa katika grafu: sikio la kulia kwa viduara vyekundu, la kushoto kwa alama za X za buluu. Kadiri alama inavyoshuka chini, ndivyo upungufu ulivyo mkubwa. Kizio chake ni desibeli, nacho ni cha logi. Tofauti ya desibeli 30 kati ya sikio na sikio maana yake ni sauti yenye nguvu mara 1,000.

Wastani peke yake haitoshi. Katika Kiswahili karibu kila silabi huishia kwa irabu, na irabu ni sauti nene zenye nguvu. Konsonanti kama s, f na sh ni nyembamba na dhaifu. Mtu aliyepungukiwa na sauti nyembamba husikia kwamba fulani amezungumza, bali hawezi kutenganisha "suka", "shuka" na "fuka". Ndiyo maana malalamiko yake huwa, "Nakusikia, ila sikuelewi." Kumpigia kelele hakumsaidii, kwa kuwa kunaongeza irabu ambazo alikuwa akizisikia tangu awali.

Jambo la pili ni kujua kasoro iko wapi. Hapa walimu wa fizikia wanacho chombo tayari katika maabara: uma wa sauti wa mitetemo 512. Uma ukigongwa na shina lake kuwekwa katikati ya paji la uso, mtu mwenye masikio sawa husikia mlio katikati ya kichwa. Ikiwa njia ya sauti imezibwa katika sikio moja, kwa nta, kwa usaha au kwa kiwambo kilichotoboka, mlio husikika zaidi katika sikio hilo bovu. Lakini ikiwa kasoro iko katika koklea au katika neva ya kusikia, mlio huhamia upande wa sikio zima. Wanafunzi wanaweza kuthibitisha sehemu ya kwanza hata bila uma: mtu na azibe sikio moja kwa kidole huku akivuma kwa midomo iliyofumbwa, na atasikia mvumo ukihamia upande ulioziba. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari, bali linaonyesha kwa nini daktari huuliza anayouliza.

Maana tofauti ya masikio ni dalili inayotaka kuchunguzwa. Mara nyingi chanzo ni cha kawaida, kama vile ugonjwa wa sikio kutoa usaha tangu utotoni, matubwitubwi, au mlio wa bunduki karibu na upande mmoja. Mara chache ni uvimbe unaomea katika neva. Sikio linalopoteza usikivu ghafla, kwa muda wa siku tatu au chini ya hapo, ni jambo la dharura; dawa hufaa zaidi zikianza mapema. Nchini Marekani, ambako tangu Oktoba 2022 watu wazima huruhusiwa kununua baadhi ya vifaa hivi dukani bila cheti, maandishi ya kwenye kasha humwonya mnunuzi amwone daktari ikiwa sikio moja linasikia tofauti na jingine. Vifaa hivyo vimekusudiwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani tu. Ndugu aliye ng'ambo anayetaka kumtumia mtoto kifaa cha namna hiyo ana nia njema, lakini kifaa sicho.

Nguvu ya kifaa

Watu wengi hudhani kwamba upungufu wa desibeli 60 hudai kuongezwa desibeli 60. Sivyo. Sikio lenye kasoro ya koklea halisikii sauti ndogo, lakini huumizwa na sauti kubwa karibu sawa na sikio zima. Kanuni ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1944 na Mmarekani Samuel Lybarger, ni kuongeza takriban nusu ya upungufu. Kanuni za leo ni sahihi zaidi, lakini nusu hiyo yatosha kuonyesha hoja. Chukua mtu ambaye sikio lake la kulia limepungukiwa na desibeli 40 na la kushoto 70. La kwanza linahitaji nyongeza ya karibu 20, na la pili 35. Vifaa viwili vya nguvu moja vitamfaa upande mmoja na kumuudhi upande mwingine. Vikuza sauti vya bei rahisi, ambavyo huongeza kila sauti kwa kipimo kimoja, vina kasoro hiyo hiyo, na vingine havina kikomo cha kuzuia mlio mkubwa usidhuru sikio.

Ikiwa fedha zinatosha kifaa kimoja tu, kivaliwe sikio gani? Jibu la haraka ni lile bovu zaidi, na mara nyingi jibu hilo ni kosa. Ikiwa sikio moja ni zima, au karibu zima, na jingine lina upungufu wa wastani lakini bado linatambua maneno, basi ndiyo, kifaa kiende upande mbovu, ili masikio mawili yapate kushirikiana tena. Lakini ikiwa yote mawili yana upungufu na moja ni baya mno, mambo hubadilika. Mtaalamu humsomea mgonjwa orodha ya maneno kwa sauti kubwa ya kutosha, kila sikio kwa zamu. Tuseme sikio la kulia limetambua maneno 90 kati ya 100, na la kushoto 40. Sikio la kushoto likiongezewa sauti litapokea kelele nyingi zaidi, si maneno mengi zaidi. Fedha hizo zitazaa matunda upande wa kulia. Pale ambapo la kushoto bado lina uwezo wa kutosha, ni vema kupanga kulinunulia kifaa chake baadaye, tena bila kukawia mno: mwaka 1984 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba sikio linaloachwa miaka mingi bila kifaa, huku mwenzake akisaidiwa, huweza kupungua uwezo wa kutambua maneno.

Sikio lililokufa kabisa halifufuliwi kwa kuongeza sauti. Kuna vifaa ambavyo huwekwa upande huo vikiwa na kipaza sauti tu, vikipeleka sauti katika sikio zima. Husaidia, ila bei yake si ndogo. Na sikio linalotoa usaha halizibwi kwa kifaa kabla ya kutibiwa.

Gharama baada ya kununua

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Betri ndogo za zinki hutumia hewa. Karatasi yake ikishabanduliwa betri huendelea kwisha hata kama kifaa kimezimwa. Ikiwa moja hudumu siku 10, sikio moja litataka betri 36 au 37 kwa mwaka, na masikio mawili 73. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza betri hizo zinapatikana wapi. Huko Otse, Botswana, mradi wa Godisa ulitengeneza chombo cha kuchaji betri za vifaa hivi kwa mwanga wa jua, kwa sababu ya tatizo hili hili. Kizibo cha sikio, kinachofinyangwa kwa umbo la mvaaji, humtosha mtu mzima kwa muda mrefu, bali mtoto anayekua hubadilishiwa mara kwa mara. Jasho na unyevunyevu wa pwani huharibu mitambo, hivyo usiku kifaa hulazwa katika kikopo chenye kukaushia unyevu.

Kwa mwenye fedha kidogo, kifaa cha kukaa nyuma ya sikio, kinachoweza kurekebishwa kwa sauti nene na nyembamba mbalimbali, chenye kikomo cha mlio mkubwa na fundi wa kukitengeneza asiye mbali, ni bora kuliko kile kidogo kisichoonekana kilichosheheni mapambo. Nguvu yake iwe na nafasi ya kupandishwa, kwa kuwa usikivu huweza kushuka zaidi. Muuzaji asiyekubali kifaa kijaribiwe wiki chache, nyumbani, barabarani na ibadani, kisha kirekebishwe, aachwe.

Wakati fedha zikitafutwa, liko jambo lisilogharimu chochote. Mwanafunzi ambaye sikio lake la kushoto ni bovu akae mbele, ukingoni mwa darasa upande wa kushoto aelekeapo ubao, ili sikio la kulia liwaelekee mwalimu na wenzake. Lakini ikiwa dirisha la upande wa kulia linatazama barabara kuu, sikio lake zima litapokea ngurumo za malori. Basi dirisha hilo na lifungwe wakati wa somo, au darasa zima ligeuzwe.