Kijipira kilichomwokoa panya Mickey

Katika filamu za katuni mhusika akianguka, ngoma inalia papo hapo. Akinyata, kinanda nacho kinanyata. Tumelizoea jambo hilo hata hatujiulizi linafanywaje. Lakini mwaka 1928 huko Marekani, jambo hilo lilikaribia kumfilisi Walt Disney.

Mapema mwaka huo Disney alimpoteza sungura Oswald, mhusika aliyekuwa akimpatia riziki. Kwa mujibu wa mkataba, sungura huyo alikuwa mali ya kampuni ya Universal. Wachoraji wengi nao wakamkimbia. Rafiki yake Ub Iwerks alibaki, na ni kwa mkono wa Iwerks panya Mickey alichorwa.

Filamu mbili za mwanzo za panya huyo zilikuwa bubu, na hazikupata msambazaji. Watu walikwisha kuisikia The Jazz Singer ya mwaka 1927, na sasa walitaka sauti. Disney akaamua kwamba filamu ya tatu, Steamboat Willie, iwe na muziki. Katuni zenye sauti zilikwisha kujaribiwa na wengine. Kazi ilikuwa kuulinganisha muziki na kila kitendo cha mhusika.

Filamu ya sauti hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kijana wa studio, Wilfred Jackson, alileta metronomu, kile chombo cha walimu wa muziki cha kuhesabia mapigo. Kuanzia hapo ikawa hesabu: wimbo ukiwa na mapigo mawili kwa sekunde, basi kila pigo lina picha 12. Mchoraji akajua panya akanyage wapi na agonge lini.

Kurekodi ndiko kulikoleta balaa. Septemba 1928 Disney alikodi okestra mjini New York, ikiongozwa na Carl Edouarde. Wanamuziki walishindwa kwenda sambamba na picha, na fedha zikapotea bure. Disney akauza gari lake ili kurekodi tena. Safari hii, katika nakala aliyoitazama kiongozi wa okestra, kilichorwa kijipira kilichopanda na kushuka kwa kila pigo. Edouarde akakifuata kijipira, na sauti ikakaa mahali pake.

Tarehe 18 Novemba 1928 filamu hiyo ya dakika kama saba hivi ilionyeshwa katika ukumbi wa Colony, New York. Mbuzi anakula karatasi za muziki, kisha anazungushwa mkia na wimbo unatoka mdomoni. Meno ya ng'ombe yanagongwa kama marimba. Ondoa sauti, na kichekesho chote kimekwisha. Hata sauti ya Mickey ilikuwa ya Disney mwenyewe, aliyeendelea na kazi hiyo hadi miaka ya 1940.

Mafanikio hayo yalimfanya panya kuwa mali, na Disney, aliyekwisha kuumwa na nyoka, hakumwachia mtu mwingine. Haki miliki ya filamu hiyo nchini Marekani ilidumu hadi mwisho wa mwaka 2023. Tangu tarehe 1 Januari 2024 ni ya umma, ingawa Mickey wa filamu za baadaye bado analindwa.

Basi, wasikilizaji, mtakapoitazama msikitafute kile kijipira. Hakimo. Tegeni sikio tu, mtasikia kazi yake.