Motokari kubwa za Marekani: juu ya nini bado zinakumbukwa?

Kule Marekani wapenzi wa motokari za zamani hawachoke kusifu Chevrolet Impala ya mwaka 1965. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu: baba, mama na mtoto walikaa pamoja, wengine watatu nyuma. Resori zake laini hazikuchokesha watu. Mwaka ule ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Lakini motere ilikunywa esanse mingi. Mwaka 1973, nchi za Waarabu zilipokatalia Marekani petroli, bei ilipanda na madereva wakapanga foleni. Mwaka 1977, General Motors ikapunguza urefu na uzito wa motokari zake kubwa. Ndiyo maana mwenye kubaki na moja anaitunza: ndani yake jamaa nzima ilienea.