Kistari Kimoja, na Pochi Imekauka

Mwaka 2017, watu waliotafuta neno "blockchain" kwenye Google waliletewa tangazo la kulipiwa, juu kabisa ya majibu, lililowapeleka block-clain.info. Tovuti halisi ya pochi ya Bitcoin, fedha ya kidijitali, wakati huo ilikuwa blockchain.info. Kilichoongezwa ni kistari, na h ikageuzwa l. Ukurasa ulifanana na ule halisi, na aliyeandika nywila yake pale alikuwa amemkabidhi mwizi funguo za nyumba.

Februari 2018, watafiti wa Cisco Talos, waliofanya kazi na polisi wa mtandao wa Ukraine, walikadiria kuwa genge lililokuwa nyuma ya tangazo hilo liliiba zaidi ya dola milioni 50 kwa miaka mitatu. Nigeria na Ghana zilikuwa miongoni mwa nchi zilizolengwa. Baadaye matapeli hao waliweka hata alama ya kufuli kwenye tovuti zao. Kufuli huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa. Halisemi mwenye tovuti ni nani.

Nchini Kenya, aliyekosea namba ya M-Pesa hutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Bitcoin haina ofisi ya kupigia simu. Zikishakwenda, zimekwenda.

Muuzaji anayelipwa kwa fedha hizo naye asitosheke na picha ya skrini ya malipo. Kila muamala una namba yake ya utambulisho, ambayo kwa Bitcoin ina herufi na tarakimu 64. Ukiibandika kwenye mempool.space kwa Bitcoin, au etherscan.io kwa Ethereum, utaona kiasi, anwani iliyopokea na uthibitisho uliokwisha kupatikana. Bloku mpya ya Bitcoin, yaani fungu la miamala linaloongeza uthibitisho mmoja, hupatikana kila dakika 10 hivi, na kwa fedha nyingi ni desturi kusubiri uthibitisho sita. Kazi hiyo yote haihitaji nywila, wala yale maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi. Tovuti inayoyaomba ili "ihakiki" muamala ni ya wezi, ifunge papo hapo.

Anwani ya kupokelea nayo isomwe yote. Mei 2024, mtu mmoja alituma tokeni za mtandao wa Ethereum zinazowakilisha Bitcoin, zenye thamani ya dola milioni 68 hivi kwa anwani ya tapeli, iliyofanana na aliyoikusudia mwanzoni na mwishoni tu. Mwizi alirudisha sehemu kubwa baadaye, bahati ambayo wengi hawaipati.

Basi andika mwenyewe anwani ya tovuti, ihifadhi kwenye kivinjari, na usipitie tangazo kuingia kwenye pochi yako.