Lanet: Darasa Ndani ya Kambi

Msafiri anayetoka Nairobi hupita Lanet muda mfupi kabla ya kuingia mjini Nakuru. Kwa Wakenya wengi jina hilo huleta picha ya gwaride: kadeti wamejipanga uwanjani, Rais akiwakagua, wazazi wakingoja kuwakumbatia watoto wao waliofuzu kuwa maafisa. Watu wachache hukumbuka kwamba kambi hiyo hiyo iliwahi kulitia taifa changa hofu. Jioni ya Januari 24, 1964, majuma sita baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi hapo Lanet na kunyakua silaha. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini ndio waliouzima uasi huo.

Malalamiko yao yalikuwa mawili makubwa: mishahara midogo, na Waingereza kuendelea kushika amri ilhali bendera imekwisha kubadilishwa. Chanzo cha lile la pili kilikuwa shule. Kwa miaka mingi wakoloni waliokuwa wakisajili askari wa Keya, jeshi la kikoloni, walipendelea vijana ambao hawakusoma, wakiamini kwamba asiyejua kusoma hutii upesi na haulizi maswali. Uhuru ulipofika, Mwafrika aliyeandaliwa kuwa afisa alikuwa adimu. Jeshi lililokwepa wasomi lilijikuta halina wa kuliongoza.

Leo hali imegeuka kabisa. Lanet ni makao ya Chuo cha Kijeshi cha Kenya, kinachofunza kadeti, na tangu mwaka 2021 jeshi lina chuo kikuu chake, Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi, chenye mamlaka ya kutoa shahada. Kijana anayeingia hapo hujifunza kulenga shabaha na kusoma ramani, lakini pia hufanya mitihani, huandika tasnifu na hutoka na cheti kinachotambulika nje ya kambi. Kabla ya chuo hicho kupata hati yake, Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, ndicho kilichoshirikiana na Lanet katika masomo ya sayansi ya kijeshi.

Mfano bora wa safari hiyo ni marehemu Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024. Aliingia jeshini mwaka 1984 akiwa kijana, akawa rubani wa ndege za kivita. Akiwa kazini alipata stashahada ya Egerton katika masomo ya kimataifa na sayansi ya kijeshi, kisha shahada ya Chuo Kikuu cha Nairobi katika sayansi ya siasa na masomo ya migogoro na amani, tena ya daraja la kwanza. Hakuacha kazi ili asome, wala hakuacha kusoma kwa kuwa ana kazi.

Wanawake nao wana kielelezo chao. Fatuma Ahmed aliingia mwaka 1983, wakati wanawake walipowekwa katika kikosi chao cha pekee. Kikosi hicho kilivunjwa baadaye na wanawake wakachanganywa na wenzao wa kiume. Mwaka 2015 akawa Brigedia, mwaka 2018 Meja Jenerali, na mwaka 2024 akapewa uongozi wa Jeshi la Wanahewa. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyewahi kufika huko kabla yake.

Sasa mlango wa kuingia jeshini ni upi? Hapa ndipo familia nyingi za Bahati, Molo na Rongai hupoteza nafasi, kwa kudhani kuwa jeshi lina njia moja tu. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, anayetaka kuwa kadeti huhitaji wastani wa B katika mtihani wa KCSE, na alama nzuri za Kiingereza na Hisabati. Daktari, mhandisi, wakili, kasisi au imamu mwenye shahada huingia kama afisa wa taaluma yake. Kuruta wa kawaida, anayepelekwa Eldoret kwa mafunzo, huhitaji D+ kwenda juu. Halafu kuna mafundi: mwenye cheti cha umeme, useremala, ufundi wa magari au upishi huandikwa kwa ujuzi wake. Kijana wa D+ aliyekwisha kusoma ufundi katika chuo cha karibu anaweza kuwa na kitu ambacho mwenzake wa C hana. Wote hupimwa mwili. Kimo kisipungue mita 1.60.

Kuna pia Gilgil, ambayo haipewi heshima inayostahili. Huko ndiko Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani NYS, huwapa vijana mafunzo ya nidhamu ya kijeshi kabla ya kuwapeleka katika kazi za taifa na vyuo vya ufundi. NYS si jeshi, na anayeingia hahesabiwi kuwa askari. Ilianzishwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa uasi wa Lanet, chini ya Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa shule ya Starehe. Lengo lilikuwa kumchukua kijana asiye na kazi na kumrudisha kwao akiwa na ujuzi mkononi.

Wengine hupata jeshini kipaji ambacho shule haikukiona. Paul Tergat, mzaliwa wa Baringo, alianza riadha kwa dhati baada ya kujiunga na Jeshi la Wanahewa. Akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, na mwaka 2003 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin, saa 2:04:55.

Wakenya walioko Marekani husimulia jambo jingine linalofaa kuigwa. Huko, sheria maarufu kama GI Bill, iliyoanza mwaka 1944 na kufanyiwa mageuzi makubwa mwaka 2008, humlipia aliyetumikia jeshi miezi 36 karo yote ya chuo kikuu cha umma, kwa muda wa hadi miezi 36 ya masomo. Mkenya mwenye kibali cha kudumu cha kuishi huko anaweza kujiunga na jeshi na kufaidika. Hiyo ni haki iliyoandikwa katika sheria, na mwanajeshi haendi kuiomba kwa mkubwa wake. Askari wa Kenya anayemaliza muda wake akiwa bado na nguvu za miaka mingi ya kazi anastahili haki iliyo wazi kiasi hicho, ya kurudi darasani kwa gharama ya taifa alilolilinda. Wabunge wa Nakuru, kaunti yenye Lanet na Gilgil, wanafaa kuwa wa kwanza kuidai bungeni.

Kwa mzazi na kijana wanaongoja usajili ujao: someni tangazo lenyewe na wala si uvumi wa mitaani, andaeni kitambulisho na vyeti halisi, na fikeni uwanjani asubuhi mapema. Usajili haulipiwi hata shilingi moja. Kila mwaka wapo wanaouza shamba au ng'ombe kununua barua ya wito, kisha mtoto anafika lango la kambi na kukamatwa kwa sababu barua ni bandia. Anayewaomba pesa, mpelekeni polisi.